Moraa wa Ng'iti: Mganga Aliyeitwa Mchawi

Miongoni mwa wanawake wa Abagusii waliopigana na ukoloni, hakuna atajwaye zaidi ya Moraa wa Ng'iti. Alikuwa mtu wa Kitutu, jamii ambayo ardhi yake leo imegawanyika baina ya kaunti za Kisii na Nyamira. Kazi yake ilikuwa uganga na ubashiri.

Elimu ya tiba huko ilikuwa na mgawanyo wa kijinsia. Ababari, wapasuaji waliofungua fuvu ili kumtuliza mgonjwa maumivu ya kichwa, walikuwa wanaume. Abaragori, waliopiga ramli kutambua chanzo cha maradhi na misiba, wengi wao walikuwa wanawake. Katika miaka ya 1950 na 1960 madaktari wa Kizungu waliwaandika wapasuaji hao katika majarida ya tiba. Waaguzi wa kike waliachiwa wanaanthropolojia, na sheria ya uchawi ya mwaka 1925.

Mwaka 1905 Waingereza walikuwa wamekwisha kuwashambulia Abagusii kwa bunduki. Mwaka 1907 G.A.S. Northcote akafungua kituo cha utawala Kisii. Moraa hakukubali. Yasimuliwa kuwa aliwakemea vijana kwa woga wao, akawapa dawa ya kuwakinga na risasi. Mmoja wao, Otenyo, jamaa yake, alimchoma Northcote mkuki mgongoni Januari 1908.

Northcote alipona, na baadaye, mwaka 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Abagusii ndio walioadhibiwa: nyumba zilichomwa, maelfu ya ng'ombe yakatekwa, na watu zaidi ya 150 wakauawa, hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, akalalamikia mauaji hayo. Otenyo alikamatwa akauawa. Wazee husema kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Utawala ulimwona Moraa kuwa mchawi mchochezi, na jina hilo likarudiwa na wengi waliokuja kuandika. (Sakawa, mwanamume wa Kitutu aliyebashiri ujio wa Wazungu, huitwa nabii bila kusita.) Kwamba dawa yake haikuzuia risasi ni kweli, wala haifai kufichwa. Lakini mganga huyo alitambua mapema, kuliko wazee wengi waliotaka suluhu, kuwa kituo kile kingezaa kodi, kazi ya lazima na machifu wa kuteuliwa. Vyote vitatu viliifikia Kitutu angali hai.