John Logie Baird na Safari ya Picha

Mwanafunzi, ukitazama televisheni unaona picha nzima kwa mara moja. Lakini picha haisafiri nzima katika waya. Kwanza hukatwa mistari myembamba, kisha mistari hiyo hupangwa tena mbele ya macho yako. Hebu sasa usome habari za mtu aliyeijaribu kazi hiyo kwa vifaa duni.

John Logie Baird alizaliwa mwaka 1888 katika mji wa Helensburgh, Scotland. Tangu utoto afya yake ilikuwa dhaifu. Mwaka 1923 alikwenda kukaa Hastings, mji wa pwani ya Uingereza, ili apate nafuu. Huko alianza kuunda mtambo wake. Hakuwa na fedha, kwa hiyo alitumia sanduku la majani ya chai, kisanduku cha kofia, lenzi za taa za baiskeli, sindano na lakiri. Siku moja mwaka 1924 alipigwa na umeme mkali akaungua mkono. Mwenye nyumba akamtaka ahame. Baird alihamia London akaendelea na kazi.

Je, mtambo wake ulifanyaje kazi? Ulikuwa na sahani iliyotobolewa matundu, yaliyopangwa kama mzingo wa gamba la konokono. Sahani ilipozunguka, kila tundu lilipita juu ya sehemu moja ya picha na kuchora mstari mmoja. Mwanga uliopita ulipokewa na kifaa kinachogeuza mwanga kuwa umeme: mwanga mwingi, umeme mwingi, giza, umeme kidogo. Upande wa pili, taa iling'aa na kufifia nyuma ya sahani nyingine. Sahani zote mbili ilibidi zizunguke kwa mwendo mmoja. Zikipishana, picha huvurugika.

Mwezi Oktoba 1925 Baird aliona sura ya mwanasesere katika mtambo wake. Alikimbia kumwita kijana tarishi, akamketisha mbele ya taa kali. Kijana aliogopa akaondoka mahali pake, hata Baird akamlipa ili akubali kukaa. Tarehe 26 Januari 1926 aliwaonyesha wataalamu mjini London. Picha ilikuwa na mistari 30 tu.

Baadaye wataalamu wengine walitengeneza mtambo usio na sahani, wenye mistari 405. Mwaka 1937 shirika la utangazaji la Uingereza liliuacha mtambo wa Baird. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliendelea kutafuta njia za kuonyesha picha za rangi mpaka alipofariki mwaka 1946.

Sahani zimetoweka, lakini fikra ya mistari ilibaki. Leo kompyuta ndogo ya bamba moja, iliyo sawa na kiganja chako, huweza kupeleka picha kwenye televisheni ya zamani kwa waya mmoja. Waya huo hubeba mwanga wa kila mstari, pamoja na alama ya kuanza mstari mpya. Kompyuta ikipangwa kwa mistari 525 na televisheni ikingoja 625, picha huviringika. Wote wawili sharti wakubaliane, kama sahani za Baird.

Maswali
1. Kwa nini sahani mbili zilipaswa kuzunguka kwa mwendo mmoja?
2. Taja vitu vinne alivyotumia Baird.
3. Kwa nini hupaswi kuchezea nyaya za umeme?