Svante Arrhenius: Aliyefumbua siri ya asidi

Mwanakemia Svante Arrhenius alizaliwa mnamo 1859 karibu na mji wa Uppsala, Sweden. Tasnifu yake ya 1884 ilizaa wazo kwamba asidi na chumvi zikiwa majini hugawanyika na kuwa chembe zenye chaji ya umeme, yaani ioni. Watahini hawakushawishika. Walimpa alama duni, nusura wamfungie mlango wa uhadhiri.

Hata hivyo, wazo hilo lilieleza kwa nini si kila kampaundi yenye haidrojeni ni asidi. Haidrojeni kloridi, yenye atomu moja tu ya haidrojeni, huiachilia majini ikiwa ioni. Methani, yenye atomu nne, huzing'ang'ania zote.

Mnamo 1903 nadharia iyo hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Alifariki 1927 jijini Stockholm.