Sidi Mubarak Bombay: Aliyewaandalia wageni kivuli katika njia ya Tabora

NJIA ya zamani ya misafara, iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora hadi Ujiji, hutajwa zaidi kwa majina ya wageni walioipita: Burton, Speke, Grant, Stanley na Cameron. Nyuma ya majina hayo yote alikuwapo mtu mmoja, Sidi Mubarak Bombay, aliyewatumikia wote watano kwa ujira katika muda wa miaka isiyopungua 18.

Siku hizi waandaaji wa michezo mikubwa hukodi mahema na viyoyozi vya muda ili wageni waalikwa wakae katika ubaridi huku wengine wakiwa juani. Katika karne ya 19 huduma ya namna hiyo ilikodiwa pia, ila haikuwa na mashine. Ilikodiwa mabega ya watu, na Bombay ndiye aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wake mashuhuri kabisa.

Alizaliwa yapata mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Akiwa bado mtoto, kijiji chao kilivamiwa na wafanyabiashara ya watumwa, naye akapelekwa Kilwa na kuuzwa kwa vitambaa. Mnunuzi wake alimvusha bahari hadi India, na huko ndiko alikopata jina la Bombay. Bwana wake alipofariki dunia, akawa huru, akarejea Zanzibar na kuingia katika jeshi la Sultani. Kutoka India alirudi na kitu kimoja kilichobadili maisha yake: lugha ya Kihindustani.

Mapema mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walimkuta katika ngome moja ya Sultani karibu na Pangani. Speke, aliyekuwa askari wa jeshi la Waingereza huko India, hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alizungumza Kihindustani. Bombay akaajiriwa, akawa mbeba bunduki wa Speke, na kupitia kwake Speke akaweza kusema na watu wa bara.

Msafara huo ulitoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, ambayo leo ni sehemu ya Tabora, Novemba 7, baada ya siku 134. Katika safari kama hizo adui wa kwanza alikuwa jua. Watu waliondoka alfajiri, na kabla ya adhuhuri walikuwa wamekwisha kutua mizigo. Wapagazi walijenga vibanda vya matawi na nyasi na kuvizungushia boma la miiba. Walipoondoka waliviacha vikiwa vimesimama, na msafara uliofuata ukavitumia. Wageni wa Ulaya walikuwa na mahema yao, lakini kila hema lilihitaji mabega ya kulibeba na mikono ya kulisimamisha.

Yote hayo yalikuwa ya muda. Wapagazi walilipwa kwa merikani, kaniki na shanga. Wengi waliajiriwa hadi Unyanyembe tu, na walipofika walitawanyika kwenda makwao. Safari ya mbele ilidai watu wapya, na kuwapata, kupatana nao na kuwazuia wasitoroke ikawa sehemu kubwa ya kazi ya Bombay katika safari zilizofuata.

Tabora ndiyo iliyokuwa kituo cha kupumzikia. Huko Mwarabu Snay bin Amir aliwapokea Burton na Speke kwa ukarimu mkubwa. Nyumba za tembe, zenye kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa udongo, zilizuia joto la mchana. Katikati ya mwaka 1858 Burton, akiwa mgonjwa, alibaki Kazeh. Speke alikwenda kaskazini pamoja na Bombay, na Agosti 3 mwaka huo akalitazama ziwa kubwa ambalo Waingereza waliliita Victoria.

Speke aliporudi mwaka 1860, safari hii pamoja na James Grant, Bombay alikuwa tena naye. Walifika Kazeh Januari 1861 na kukuta vita kati ya Waarabu na Mtemi Mnywa Sere, aliyekuwa ameondolewa katika kiti chake baada ya kuwatoza kodi wafanyabiashara hao. Wapagazi walikuwa adimu, na Snay bin Amir, mwenyeji mkarimu wa mwaka 1857, aliuawa katika vita hiyo.

Ni katika safari hiyo Bombay alipolipa gharama ya kuwa mtu wa katikati. Ugomvi ulizuka juu ya hema. Speke aliamuru livunjwe ili safari ianze, na Bombay akakataa. Speke alipoanza kulibomoa mwenyewe, Bombay aliwakemea waliomsaidia, kwani ndani mlikuwa na masanduku ya baruti na moto ulikuwa karibu. Speke akampiga ngumi. Stanley alipomwona miaka kadhaa baadaye, alitambua pengo la meno ya mbele lililoachwa na kipigo cha Speke. Hata hivyo Bombay alirudi kazini, na msafara ukafika Misri kwa njia ya mto Nile.

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimfanya mkuu wa askari wake katika safari ya kumtafuta David Livingstone. Naye pia alimpiga mara kadhaa. Walifika Tabora Juni 23 na kupewa tembe huko Kwihara. Mwezi Agosti Mtemi Mirambo aliishambulia Tabora, na njia ya kawaida ya Ujiji ikafungwa. Msafara ukalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Februari 1872 ulirejea Kwihara ukiwa na Livingstone, aliyekaa katika tembe hiyo hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Mwaka uliofuata Bombay alifika tena Kwihara, safari hii akiwa na Verney Lovett Cameron, aliyepewa nyumba hiyo hiyo. Oktoba 1873 Chuma, Susi na wenzao waliwasili hapo wakiubeba mwili wa Livingstone. Cameron aliendelea na safari, na Novemba 1875 msafara wake ukafika bahari ya Atlantiki. Hivyo Bombay, aliyekwisha kufika Misri kwa Nile, akawa amevuka bara zima kutoka mashariki hadi magharibi.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilimpa pensheni mwaka 1876. Alifariki dunia mwaka 1885, mwaka ule ule Ujerumani ilipotangaza himaya yake katika nchi ambazo alikuwa amewaongoza wageni kuzipita.

Tembe ya Kwihara leo ni makumbusho yenye jina la Livingstone. Mgeni anayeingia humo kutoka juani huupata ubaridi uleule wa kuta za udongo. Jina lililo mlangoni ni la aliyepumzika. Bombay alifika Kwihara kwa kazi ya kuwawezesha wengine kupumzika, na kazi ya namna hiyo, ikifanywa vizuri, huwa haionekani.