Konokono waliowaokoa samaki wa Warington
Hapa Songea ukifuga samaki kwenye chombo cha kioo, maji yakichafuka unamwaga, unaweka mengine. Robert Warington alitafuta njia nyingine.

Mkemia huyu wa Uingereza alizaliwa mwaka 1807, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama cha wakemia cha London mwaka 1841. Mwaka 1849 aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu kwenye maji, akapanda na majani ya majini. Hesabu ilikuwa rahisi: mmea utoe oksijeni, samaki wapumue, kinyesi chao kilishe mmea.

Baadaye majani yakaoza, maji yakawa machafu, kioo kikajaa utelezi wa kijani. Samaki wakawa hatarini. Warington akaongeza konokono watano au sita tu. Wakala uozo na utelezi, maji yakarudi kuwa safi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Matokeo akayachapisha 1850. Alifariki 1867.

Ukitaka kujaribu, usiingie bwawani kuokota konokono. Baadhi hubeba minyoo ya kichocho, nayo hupenya ngozi ukigusa maji.