Padre Cecil Majaliwa, Kijana wa Kiungani

Wasomaji wetu wengi wamesikia habari za Kanisa Kuu la Mkunazini, mjini Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi likawekwa. Lakini wachache wajua ya kuwa huko Unguja, mwaka 1890, aliwekewa mikono kasisi Mwafrika wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, naye alikuwa ametekwa utotoni akafanywa mtumwa. Hakuwa Mlutheri, lakini twaona inafaa makatekista wetu wayajue maisha yake.

Majaliwa alikuwa Myao. Siku zile manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi ya watumwa, watoto wengi waliookolewa walikabidhiwa misheni, wasijue njia ya kurudi kwao. Naye alilelewa na misheni hiyo Unguja, akabatizwa, akaitwa Cecil.

Chuo cha Kiungani kilikuwa nje ya mji, upande wa kusini, karibu na bahari. Vijana wake walitoka katika makabila mengi, Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wabondei, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Baadhi yao waliandika wenyewe habari za kutekwa kwao, na A. C. Madan akazitoa kuwa kitabu mwaka 1887. Azisomaye atajua mzigo ambao watoto wale waliingia nao darasani. Mkubwa wa kazi yote alikuwa Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 akafanywa askofu mwaka 1874. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaandika sarufi, akafasiri Agano Jipya, na vijana wa misheni wakapanga herufi na kupiga chapa. Basi mwanafunzi wa siku zile hakuyapokea Maandiko kama kitu kilichokwisha kutengenezwa ng'ambo. Aliyaona yakitoka kurasa kwa kurasa, kwa lugha aliyoisema kila siku, na mikono iliyotiwa wino ilikuwa ya wenzake. Sisi twadhani jambo hilo lilimjenga mtu kuliko masomo mengi ya ubaoni.

Majaliwa akawa mwalimu, akaoa mke jina lake Lucy, kisha akapelekwa Uingereza kusoma katika chuo cha Mtakatifu Agostino, Canterbury. Mtu wa elimu namna ile angeweza kutamani kukaa mjini, penye vitabu na meli za barua. Haikuwa hivyo. Mwaka 1886 aliwekwa kuwa shemasi, akatumwa bara ya kusini, Chitangali, karibu na Newala, katika nchi ya Wayao, kwa mfalme Nakaam, aliyebatizwa jina la Barnaba. Hivyo aliyechukuliwa mtoto akaenda kwa watu wa kabila lake akiwa mtu mzima, tena mhubiri.

Hapo ndipo masomo yake yalipopimwa. Kwa miaka kumi na mmoja aliiongoza kazi ile, na kwa sehemu kubwa hapakuwa na Mzungu karibu wa kumsimamia. Aliyoyajua ndiyo aliyoyatumia, na asiyoyajua hakuwa na wa kumwuliza jioni. Askofu Smythies alimwamini, akampa ukasisi. Na tukumbuke, Greiner wa misheni ya Berlin alifika Dar es Salaam mwaka 1887, Majaliwa akiwa tayari shemasi. Kwetu Kilimanjaro wachungaji Wachaga wa kwanza walibarikiwa mwaka 1934, miaka arobaini na minne baada yake. Hatusemi haya kwa kulaumu wazee. Lakini miaka arobaini na minne si michache.

Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja, kisiwa alichofikishwa zamani akiwa mtoto asiye na kwao, akiwaacha Chitangali Wayao Wakristo waliofundishwa Neno la Mungu na Myao mwenzao.