Dola 12 kwa wiki: Benjamin Graham alivyochagua kazi

Mhitimu akipata kazi, swali la kwanza nyumbani ni mshahara shilingi ngapi. Leo nawaletea jamaa ambaye swali hilo lingemtia aibu.

Benjamin Graham alizaliwa London mwaka 1894, wazazi wakahamia naye New York akiwa bado mchanga. Baba yake, mfanyabiashara wa vyombo vya kauri, alifariki 1903. Mama akahangaika na biashara, mwisho akanunua hisa kwa pesa za mkopo. 1907 soko likaanguka, zikayeyuka. Kwa hiyo dogo alijua hisa zinavyoumiza kabla hajajua zinavyolipa.

1914 akamaliza Chuo Kikuu cha Columbia akiwa wa pili darasani, umri miaka 20. Idara tatu zikamtaka abaki kufundisha: Kiingereza, falsafa na hesabu. Jamani, tatu! Kwetu angechinjiwa ng'ombe. Lakini mkuu wa chuo, Frederick Keppel, akamsukumia Wall Street, kwa madalali wa hisa Newburger, Henderson & Loeb. Mshahara dola 12 kwa wiki. Akakubali, na nyumbani maisha yalikuwa ya kuungaunga.

Sasa kazi yenyewe. Alianza kama tarishi, kupeleka hati na hundi huku na huko. Halafu akapewa chaki awe anaandika bei ubaoni. Una digrii halafu unashika chaki ya ubao wa bei, si unaona umetupwa? Ila mwangalie kijana anayeandika kilo na bei kwenye mnada wa kakao hapa Kyela. Akiwa macho, msimu ukiisha anajua nani hununua, bei hupanda lini na mzigo gani hukataliwa, kuliko mwenye kiti cha kuzunguka ambaye hajawahi kugusa gunia. Graham alikuwa macho. Akazama kwenye mahesabu ya makampuni, akaanza kuandika ripoti, na kufikia 1920 akawa mbia pale pale. Ualimu nao haukumkimbia: 1928 alirudi Columbia kufundisha uwekezaji.

Mafundisho yake mama wa mpunga wa Ipinda angeyaelewa haraka. Ukinunua wakati wa mavuno, nunua kwa bei ambayo hata panya wakila kidogo na soko likigoma kupanda, bado hujazama. Graham alitaka hivyo hivyo kwenye hisa: lipa chini ya thamani halisi, ubaki na nafasi ya kukosea.

Msidhani hakupigwa. Kati ya 1929 na 1932 mfuko wake ulipoteza karibu 70%. Yeye na mwenzake Jerome Newman wakapiga kazi miaka kadhaa bila malipo mpaka hasara ikafidiwa. Kitabu chake maarufu, The Intelligent Investor, kilitoka 1949.

Warren Buffett, mwanafunzi wake, alimaliza Columbia 1951 akaomba kumfanyia kazi bure kabisa. Akakataliwa! Akaendelea kuomba mpaka 1954 alipopata. Graham alifariki Ufaransa 1976.

Nyie mlioajiriwa AMCOS, benki na mpakani Kasumulu, tuambieni: huko mnajifunza nini zaidi ya kusubiri mwisho wa mwezi?