Daktari Cicely Williams: Mganga wa Mama na Mtoto

1. Mizani ya kliniki

Bila shaka umekwisha kuona akina mama wakienda kliniki na watoto wao. Mtoto huvuliwa nguo nzito, huwekwa ndani ya mfuko wenye matundu mawili ya miguu, kisha hutundikwa kwenye mizani. Muuguzi husoma uzito, hutia nukta katika kadi, na kuiunganisha nukta hiyo na ile ya mwezi uliopita. Mama naye huulizwa hali yake na hushauriwa juu ya chakula. Jambo hili hufanyika Mkuyuni, kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, kama linavyofanyika Kiroka, Matombo na sehemu nyingine za nchi yetu.

Je, umepata kujiuliza kwa nini mtoto asiyeumwa apelekwe kupimwa? Na kwa nini mama na mtoto wahudumiwe mahali pamoja? Mambo haya hayakuwako tangu zamani. Walikuwako watu walioyapigania. Katika sura hii utasoma maisha ya mmoja wao, Daktari Cicely Williams.

2. Utoto na masomo yake

Cicely Williams alizaliwa tarehe 2 Desemba 1893 katika kisiwa cha Jamaica, kilicho katika Bahari ya Karibi. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Alitaka kwenda Chuo Kikuu cha Oxford, lakini wazazi wake walipatwa na shida, akarudi nyumbani kuwasaidia.

Siku zile si wanawake wengi walioruhusiwa kusomea udaktari. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, vijana wengi wa kiume walikwenda vitani, na nafasi katika vyuo zikabaki wazi. Ndipo wanawake kadhaa walipopokewa. Cicely aliingia Oxford mwaka 1917, naye akahitimu udaktari mwaka 1923. Akiwa katika hospitali ya watoto huko London alijifunza jambo moja ambalo hakulisahau kamwe: mganga hawezi kumtibu mtoto vema bila kujua anaishi wapi, anakula nini, na mama yake ana hali gani.

3. Watoto wa Accra

Mwaka 1929 alikwenda Afrika ya Magharibi kufanya kazi katika Pwani ya Dhahabu, nchi ambayo tangu mwaka 1957 inaitwa Ghana. Katika mji wa Accra aliwaona watoto wengi wenye ugonjwa wa ajabu. Wengi wao walikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Miguu na mikono yao ilivimba. Nywele zao zilipoteza weusi zikawa nyekundu-nyekundu. Ngozi yao ilibambuka. Hawakucheza wala hawakutaka kula, na wengi walikufa.

Fikiri wewe ungefanya nini. Daktari Williams hakuanza kwa dawa. Alianza kwa kuuliza maswali na kuyaandika majibu. Mtoto huyu ana umri gani? Aliacha kunyonya lini? Baada ya kuacha maziwa ya mama alipewa chakula gani? Je, mama amepata mtoto mwingine?

Alipoyalinganisha majibu, aliona yanafanana. Watoto wengi walikuwa wameachishwa kunyonya kwa sababu mama alipata mimba au alijifungua tena. Baada ya hapo walilishwa uji wa mahindi mtupu. Walishiba, lakini hawakukua.

Mwaka 1933 aliandika habari za ugonjwa huo katika jarida la waganga. Alieleza kuwa huenda chakula cha watoto hao kilipungukiwa protini, yaani kirutubisho kijengacho mwili.

4. Jina walilolitoa akina mama

Daktari Williams hakuwadharau wenyeji. Aliwauliza ugonjwa ule unaitwaje. Watu wa kabila la Waga, waishio Accra, walimwambia jina lake: kwashakoo. Kwa lugha yao ni ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 alilitumia jina hilo katika maandishi yake, na likaenea duniani pote. Kwa Kiswahili ugonjwa huu huitwa pia unyafuzi.

Huku kwetu mtoto anayedhoofu baada ya mama yake kupata mimba nyingine husemwa kuwa amebemendwa, na wazazi wake hulaumiwa. Ukichunguza utaona kuwa wazee wa Accra na wazee wa kwetu waliliona jambo lile lile: mtoto aliyekuwa akinyonya hupata madhara anaposukumwa kando upesi mno. Lakini lawama haimponyi mtu. Mama anayeona haya humficha mtoto ndani, na mtoto hufika hospitali akiwa amechelewa. Sayansi humsaidia mama kwa kumwonyesha chanzo na kumpa njia ya kukiondoa.

5. Wakubwa wasioamini

Waganga fulani mashuhuri walimpinga. Walisema ugonjwa ule ni pelagra tu. Pelagra ni ugonjwa utokanao na upungufu wa vitamini iitwayo niasini, nao huwapata watu wanaokula mahindi karibu peke yake. Daktari Williams alijibu kwa kuonyesha tofauti. Ngozi ya mwenye pelagra huharibika hasa pale inapopigwa na jua. Ngozi ya watoto wake iliharibika hata mahali palipofunikwa.

Ubishi huo ulikuwa jambo zito. Ugonjwa ukipewa jina lisilo lake, mgonjwa hupewa tiba isiyo yake. Kila mwaka uliopita katika mabishano, watoto waliendelea kufa. Katika Afrika ya Mashariki Daktari Hugh Trowell aliona watoto kama hao Kenya na Uganda, na hapo mwanzo yeye pia alidhani ni pelagra. Baadaye, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, yeye na wenzake walithibitisha kuwa kwashakoo ni ugonjwa wa pekee. Mwaka 1954 walitoa kitabu kizima juu yake.

Leo tunajua zaidi. Upungufu wa protini si chanzo pekee cha kwashakoo. Kuharisha, surua na maradhi mengine huongeza hatari. Utafiti uliofanywa kwa watoto mapacha nchini Malawi, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa hata vijidudu waishio matumboni wana sehemu yao. Wataalamu wangali wanachunguza. Sayansi ndivyo ilivyo: mmoja hufungua mlango, na wengine hupita wakaenda mbele.

6. Maziwa ya mama na siku za vita

Mwaka 1936 Daktari Williams alihamishiwa Asia ya Kusini-Mashariki. Huko aliona watoto wachanga wakifa kwa kuharisha. Wauzaji wa maziwa ya makopo waliwatuma wanawake waliovaa kama wauguzi kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha. Akina mama maskini walinunua maziwa, wakayachanganya na maji machafu mengi kupita kiasi. Mwaka 1939, mbele ya mkutano wa watu wakubwa huko Singapore, alitamka bila woga kwamba vifo hivyo vihesabiwe kuwa ni mauaji.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipofika huko, majeshi ya Japani yaliiteka Singapore mwaka 1942. Daktari Williams alifungwa katika gereza la Changi pamoja na raia wengi wa kigeni. Chakula kilikuwa haba, naye aliugua beriberi, ugonjwa utokanao na upungufu wa vitamini B1. Hata hivyo aliendelea na kazi. Watoto 20 walizaliwa katika kambi ile ya wafungwa. Wote 20 walinyonyeshwa na mama zao, na wote 20 walikuwa hai vita vilipokwisha mwaka 1945.

7. Mama na mtoto pamoja

Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilianzishwa. Daktari Williams aliteuliwa kuwa mkuu wa kwanza wa sehemu ya afya ya mama na mtoto. Alifundisha kuwa kinga na tiba zisitenganishwe, na kuwa afya ya mtoto huanza kabla hajazaliwa. Mama mwenye upungufu wa damu, asiyepata chakula bora, huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mtoto huyo huanza safari ya maisha akiwa nyuma ya wenzake.

Fikra hizo zilikubaliwa mahali pengi. Mwaka 1965 huko Mulago kilianzishwa kituo kiitwacho Mwanamugimu. Akina mama walikaa humo na watoto wao wagonjwa, wakajifunza kupika chakula bora kwa vyakula vya mashambani mwao. Jina hilo linatokana na methali ya Kiganda ifundishayo kuwa siha ya mtoto hutoka kwa mama.

Daktari Williams alifariki Uingereza mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 98.

8. Kwa nini tupime watu wengi?

Mtoto mmoja akidhoofu, watu huweza kusema ni bahati mbaya. Watoto 100 wakipimwa na kuandikwa, ukweli hujitokeza. Ndiyo maana wataalamu hufanya uchunguzi wa watu wengi. Hawapimi kila mtu. Huchagua nyumba katika kila mkoa bila upendeleo, kama mpishi aonjaye punje chache ili ajue kama sufuria nzima ya wali imeiva.

Kadi ya kliniki nayo ilitokana na kazi ya namna hii. Daktari David Morley aliwapima watoto wa kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, katika miaka ya 1950, akatengeneza kadi ambayo mama aliweka nyumbani mwake. Baadaye, kati ya mwaka 1997 na 2003, watoto karibu 8,500 wa nchi sita walipimwa ili ijulikane mtoto mwenye afya hukua namna gani. Nchi hizo ni Brazili, Ghana, India, Marekani, Norwe na Omani. Kwa Ghana, watoto waliopimwa walikuwa wa Accra, mji ule ule alikofanya kazi Daktari Williams. Ilionekana kuwa watoto wa nchi zote hizo, wakilishwa vema na kutunzwa vema, hukua karibu sawasawa.

Nchini Tanzania uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao ulivyostahili. Uchunguzi wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuwa umeonyesha watoto 34. Vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na mwaka 2022 vilikadiriwa kuwa 104. Kazi imefanyika, lakini bado haijakwisha.

9. Chakula cha mtoto nyumbani kwenu

Mkuyuni na vijiji vya Uluguru vina ardhi yenye rutuba. Hulimwa mahindi, mpunga, mihogo, ndizi na matunda mengi. Pamoja na hayo, mtoto anayelishwa uji mweupe peke yake huweza kudhoofu katikati ya shamba lililostawi. Kumbuka mambo haya:

(a) Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza.

(b) Baada ya hapo aanzishiwe vyakula vingine, naye aendelee kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi.

(c) Chakula chake kiwe na vitu vya kutia nguvu, kama mahindi na ndizi. Vya kujenga mwili, kama kunde, mbaazi, karanga, dagaa, mayai na maziwa. Na vya kulinda mwili, kama mchicha, kisamvu na machungwa.

(d) Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wale vizuri, wasaidiwe kazi nzito, na waende kliniki.

(e) Mtoto anayevimba miguu apelekwe hospitali mara moja. Asifichwe.

Zoezi

1. Daktari Williams aliwauliza akina mama maswali gani? Yalimsaidia vipi kujua chanzo cha ugonjwa?

2. Eleza tofauti moja kati ya kwashakoo na pelagra.

3. Mtoto mmoja alipimwa kila mwezi. Alipokuwa na miezi 9 alikuwa na kilo 8.0, miezi 10, kilo 8.4, miezi 11, kilo 8.4, miezi 12, kilo 8.2. Chora mchoro wa mstari. Hatari ilianza kuonekana mwezi gani? Ungemshauri mama yake afanye nini?

4. Kwa nini si haki kumlaumu mama ambaye mtoto wake amedhoofu?

Kazi ya kufanya

Kwa siku tatu, andika vyakula vyote anavyokula mtoto mdogo wa nyumbani kwenu au kwa jirani. Omba ruhusa ya mama yake kwanza. Vigawe vyakula hivyo katika mafungu matatu uliyojifunza. Ukiona fungu moja limepungua, taja chakula kimoja kipatikanacho kijijini kwenu ambacho kingeweza kulijaza.